Kidevu Chini

Kidevu chini, baba. Inama kidogo
kama anayetafuta kifungo kilichodondoka.
Sasa meza. Meza tena.
Sema "aa". Bado kuna majimaji sautini.

Telavi nzima walimwita tamada,
Anzor, mwenye neno la karamu:
pembe ya divai ilikauka mkononi mwake
na maneno hayajaisha.
Leo divai hiyo naikoroga na unga wa wanga
hadi iwe nzito kama uji wa mwana,
nampa kwa kijiko cha chai.

Daktari Nestani alituonyesha kwenye eksirei:
tone limepotea njia, linateremkia pafuni,
halibishi hodi,
wala mwili haushtuki.
Tangu siku ile sikiogopi kikohozi.
Naogopa mlo mtulivu.

Jana, mwisho wa mavuno, aliinua kijiko,
nusu ikamwagikia kitambaa cha meza.
"Kwa afya ya..." akasema.
Tukangoja. Watu kumi na mmoja, glasi juu,
mkate unapoa.
Akameza.
Akameza tena.
Kisha akakohoa, kwa nguvu, mpaka machozi,

nasi tukanywa
kwa hicho.