Kupima kwa Kukata

Kazi yangu ni kukata korosho katikati.
Ghala la chama cha msingi, Tandahimba, msimu ukifunguliwa:
natia mkono guniani, nachota,
nakata moja moja kwa mkasi wa chuma.
Nahesabu nzima. Nahesabu zenye madoa.
Nahesabu zile zenye ganda zuri, nono,
na ndani hamna kitu.
Hizo tunaziita hewa.

Kwa hiyo Daktari Kapinga aliposhikiza picha ya taya langu
kwenye kioo cha dirisha, kule Ndanda,
sikuhitaji maelezo mengi.
Nyuma ya gego la mwisho palikuwa na hewa
kubwa kama yai la njiwa.
"Kifuko," akasema. "Hakiumi.
Kinakula mfupa taratibu, kwa adabu."
Na upande wa pili, mdogo wake.

Kisha akauliza lisilohusu meno yangu:
nani mwingine kwenu amevimba taya?
Nikamtaja baba, Nangomwa,
aliyezikwa na shavu moja kubwa,
Kitama nzima ikisema karogwa
na jirani waliyegombea mpaka wa shamba.
Jirani akahama usiku. Mikorosho yake tukaichuma sisi.
Nikamtaja shangazi Fatu,
meno sita kwa koleo la fundi baiskeli.

Daktari akaleta beseni.
"Loweka viganja dakika kumi."
Mimi mtoto wa Makondeni, ndoo ya maji ni ya kununua;
sijawahi kukaa na mikono majini
pasipo kufua kitu.
Niliona nafuja.

Ngozi ikalainika, vikajitokeza
vitundu, vya kudungwa kwa sindano,
hapa vitano, pale viwili.
Nikacheka. Hivyo ni vya mafuta ya korosho, daktari!
Bibi alibangua, baba alibangua,
ganda huchoma; kwetu ndivyo mikono ilivyo.

Hakucheka. Aliandika.
Akasema jeni. Akasema ni kosa dogo,
herufi moja katika waraka mrefu,
na kila anayenakili ananakili kwa uaminifu,
kosa na yote.
Akasema mtoto wako: nusu kwa nusu.
Akifika miaka minane mlete,
na usikubali apigwe picha ovyo huko njiani.

Siwema ana sita.
Hajabangua hata korosho moja,
nilimkataza, nilimtakia mikono ya daftari.
Jioni ile nikanunua ndoo, nikaimimina yote.
"Tucheze samaki," nikamwambia,
tukazamisha mikono, minne, kimya.
Alichoka mapema. Samaki gani hawa hawaogelei?

Ghalani, korosho niliyoikata haiuzwi tena.
Ndiyo bei ya kujua.
Nilikuwa nimeshika kiganja chake, kimeangalia chini,
na sikukigeuza.
Akakigeuza yeye,
akakileta puani kwangu anionyeshe makunyanzi:
"Mama, nimezeeka!"

Vitatu. Mkono wa kushoto.

Yule jirani, nasikia, yu hai, yuko Mahuta kwa mwanawe,
haoni vizuri.
Jumapili nitampelekea kilo mbili,
nyeupe, nzima, za kuchagua mwenyewe.
Sijui nitaanzaje.
Labda nitaomba kwanza maji ya kunawa.