Sifuri Nne Mbili Sifuri

Taa ya manjano imerudi.
Helka Karppinen ameegesha Corolla yake mlangoni mwa gereji,
hakuzima injini, hakusalimia,
amenyoosha kidole tu kwenye dashibodi
kama mpangaji anayemwonyesha mwenye nyumba panapovuja.

Mwaka wa tatu huu. Gari ni la tisini na nane,
kilomita laki nne na kumi na mbili,
na chumvi ya barabara za Kajaani imeshatafuna
kila chuma kisichojua kujitetea.

Nachomeka mashine. Inasema ilichosema Oktoba:
P, sifuri, nne, mbili, sifuri.
Kwa lugha ya watu: sega halisafishi moshi.

Sega, nasema, maana ukilipasua ndivyo lilivyo,
vijumba vya kauri vilivyopakwa madini ghali,
sega lisilo nyuki wala asali;
moshi huingia mchafu, hutoka umetubu.
Sensa mbili zinalichunga. Ya mbele hucheza,
juu, chini, juu, chini, ndiyo kazi yake.
Ya nyuma yapasa itulie kama maji ya mtungini.
Hii ya Helka inacheza ngoma ya mwenzake
hatua kwa hatua.

Mara ya kwanza nilibadilisha sensa ya nyuma.
Mara ya pili, ya mbele.
Mara ya tatu sega zima, euro mia nne na themanini, akalipa kwa awamu,
na sensa nyingine juu yake, kwa sababu nilikuwa na aibu.
Kila mara taa ilizimika. Kila mara nililiendesha
hadi Sotkamo na kurudi, grafu imenyooka,
nikampigia simu: njoo uchukue.
Wiki ya pili, kidole kwenye dashibodi.

Mjumbe hauawi.
Mimi nimeua watatu.

"Asubuhi hulia," alisema, siku ile ya kwanza kabisa.
"Ti-ti-ti, kama ndege wa dirishani, halafu hunyamaza."
Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza.
Nilikuwa nasoma kioo.

Leo nimeuliza nisilowahi kuuliza:
unakwenda nalo wapi?
"Hospitali, kwa kaka yangu. Kilomita tano.
Nakaa naye saa moja, narudi."

Tano.
Injini haijatoka hata jasho.

Basi limelala nje, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Saa kumi na mbili alfajiri nimefungua bonneti,
nimeng'oa ngao ya joto, boliti mbili zikakatika,
nikamwambia mwanangu Ilmo, washa.

Ti-ti-ti.

Nimevua glavu, nimepitisha kiganja juu ya manifoldi,
na chuma kikanipiga vikofi vidogo vya pumzi.
Ufa. Mwembamba kama unywele,
masizi yameupaka wanja.
Chuma kikipata moto huvimba na kuuziba;
kikipoa hufunguka, hewa ya nje ikajipenyeza.
Sensa huionja, husema kweli: hewa ni nyingi.
Kompyuta husikia njaa, humwaga petroli,
na petroli isiyoungua hulifuata sega
na kulichoma taratibu, kilomita tano kwa kilomita tano.
Humo ndani hakuna aliyesema uongo.
Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahoji wameshapata joto.

Dirishani mwa gereji zipo zile sensa tatu, sikuzitupa.
Jana jioni niliishika moja kwa koleo, nikaipeleka kwenye mwali,
sindano ya mita ikapanda, ikashuka, ikapanda.
Nzima. Sikuzipima zile mbili.

Naandika ankara.
Manifoldi kuukuu kutoka Paltamo: sitini.
Gasketi: kumi na mbili.
Sensa ya tatu: narudisha.
Kusikiliza:
hapo kalamu imesimama, Ilmo anauliza kama tufunge,
na nje Helka anafuta theluji kwenye kioo kwa mkono wa koti,
ana haraka,
saa za kutazama wagonjwa zinakwisha saa moja.