Nambari ya Pili

Kijana Ireneusz kaweka mkoba mezani,
katoa kamera tatu, ndogo kama vifungo vya koti,
king'ora, kihisi cha mlango,
na bango la kubandika getini: NYUMBA HII INALINDWA.
"Mwizi akiliona hili," kasema, "anakwenda kwa jirani."

Kwa jirani.
Kwa jirani walishakwenda, Jumanne,
wakapitia dirisha la jikoni, wakabeba
saa ya ukutani na kodiani ya Zdzisław,
nami nilikuwa macho, nikijiambia ni paka.

Hapa Gdynia theluji hutunza nyayo hadi asubuhi.
Nilizihesabu kwa upenyo wa pazia. Sikutoka.
Miaka sita hatusemezani, mimi naye,
kisa mti wa cheri uliovuka ua.

"Unachagua upi, mama? Huu wa zloti elfu mbili
hupiga simu wenyewe." Nikauchagua huo.
Akajaza fomu: jina, Wiesława; mbwa, hakuna;
nambari ya kwanza, binti yangu, Toronto.
"Na ya pili? Mtu wa karibu.
Wa kufika kwa miguu."

Kalamu ikangoja. Chai ikapoa.
Nikavaa buti, nikapita pengo lililo chini ya cheri,
fomu mkononi, nikabisha.

Kule ndani minyororo ikaanza kulia: wa kwanza,
wa pili, komeo jipya, kisha kimya.
"Nani?" akauliza.

Nikakosa jibu fupi.