Swichi ya Saa Nne

Saa nne za usiku. Bahati imelala,
ukungu wa Menengai umeangikwa juu ya nailoni kama nguo mbichi,
nami nabonyeza swichi.
Taa mia mbili na kumi, nyekundu,
kama makaa aliyoyasahau mpishi.

Kiptanui, msimamizi, alinieleza siku ya kwanza:
"Jeruto, ua hili halihesabu mchana.
Linahesabu giza.
Likipewa giza refu lisilokatwa, linajiambia wakati umefika,
linachanua likiwa na kimo cha kiganja.
Nani atanunua ua lisilo na shingo?
Kazi yako ni kuukata usiku vipande viwili."

Nikacheka. Ua litaona kwa jicho gani?
Akachuma jani, akanibandika kiganjani:
"Jicho ndilo hili. Lote."

Tangu hapo napita kati ya matuta kwa adabu,
kama apitaye chumba cha watoto wanaojifanya wamelala.
Maskini, hawana kope.
Mwanga ukija hawawezi kusema hatukuuona.

Saa nane nazima.
Usiku unaanza upya, mfupi, umepunjwa,
nao wanauamini.

Mwezi wa sita, taa ya kona ya magharibi iliungua.
Nilikuwa nimechoka; ngazi iko mbali, ghala limefungwa.
Sikuandika kitabuni.
Kesho, nikasema. Na kesho yake, kesho.
Nani angejua? Mlinzi alikuwa anakoroma,
na mbwa hajui hesabu.

Wiki ya nne, vitumba vikanisema.
Duara moja tu chini ya ile taa,
miche mifupi, imebeba vichwa vya manjano
kama watoto waliotiwa kofia za baba zao.
Kiptanui hakuuliza kitu.
Alitazama maua, akatazama juu, akanitazama.
Nikakatwa mia sita.

Zile fupi zilitupwa. Nikaokota tano,
nikaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, dirishani,
dirisha lile nililolifunika kwa blanketi
ili nilale mchana.

Miaka saba sasa.
Mwili wangu nao sijui unahesabu nini.

Jumapili nilipewa mapumziko, na stima ikapotea mtaa mzima.
Giza zima, halina mshono.
Cherop, binti yangu, asema nililala kama gogo,
ila alfajiri nilihesabu kwa sauti,
polepole, bila kuruka,
hadi mia mbili na tisa.