Nyumba Mbili, Parseli Moja

Saa mbili na nusu nilikuwa wa nne kwenye foleni,
bahasha kwapani, kitenge cha Jumapili mwilini,
kwa kuwa Mama Nsimire alinionya:
ukienda kuomba serikali ikusamehe
usivae kama mtu anayedaiwa.

Mjane aliyepita miaka hamsini na mitano,
anayelala ndani ya nyumba yake mwenyewe,
anaweza kuondolewa kodi ya nyumba. Ndivyo walivyosema.
Lakini kuomba si bure.
Fotokopi ya cheti cha ndoa, fotokopi ya cheti cha kifo,
vyote viwili vina jina la Muhindo,
kimoja kwa wino wa buluu;
picha mbili ndogo, muhuri wa shefu wa kartie,
na kijana wa pikipiki aliyenitoa Murara
akakataa kurudisha chenji.
Nilihesabu nikiwa nimesimama:
nusu ya kodi nimeshailipa
ili nisilipe kodi.

Bwana Bahizi alikuwa na kalamu mkononi
na nyingine nyuma ya sikio.
"Makao yako makuu?"
Murara.
"Unakaa humo mwenyewe?"
Nakaa.
"Umepangisha?"
Chumba kimoja, kwa mwanafunzi,
nikasema, nikajuta, nikaongeza: hajalipa.
Akachekea puani.

"Ndani ya parseli mna nyumba ngapi?"

"Mbili."
"Hapa umeandika moja."
"Moja iko chini ya nyingine."
"Ghorofa?"

Hapana, bwana. Ya chini ni ya matofali, vyumba vinne.
Mlima uliifikia Januari ile, siku ya Alhamisi,
sisi tukiwa tayari barabarani na godoro kichwani.
Jiwe lilipoanza kupoa tulirudi na viatu vya kuazima,
soli zikinuka,
tukakuta ncha ya bati imechomoza,
kiasi cha mtoto mmoja kukalia.
Hakuna ua, hakuna njia, hakuna jirani wa kuuliza mpaka.
Muhindo alianzia kwenye ile bati, akahesabu hatua.
"Hapa sebule," akasema. Akapiga msumari, ukapinda.
Akaweka kopo la rangi badala yake.
Juu ya kopo lile tulisimamisha mbao,
na sakafu ikawa ya moto miezi mingi,
watoto wakilala bila blanketi.

Kwa hiyo nalala juu ya sebule yangu, bwana.
Chini ya kitanda kuna meza na viti sita.
Upande wa jikoni kuna sufuria ya maharagwe
niliyoibandika asubuhi ile.
Sikupata nafasi ya kutia chumvi.

Nyuma yangu foleni ilikohoa.
Bwana Bahizi alishusha kalamu ya sikioni,
akaitazama kama ameokota kitu cha mtu.
"Ya chini haitozwi," akasema taratibu.
"Sheria inahesabu nyumba inayokaliwa."
Nilitaka kumjibu kwamba
cheti cha kuzaliwa cha kifungua mimba wangu kimo humo,
kwenye droo ya kushoto, na kwamba karatasi nazo hukaa.
Nikameza mate.
Mtu habishani na anayeshika muhuri.

Akaandika: moja.
Halafu, bila kuinua uso:
"Maharagwe gani?"
"Ya njano."
Akatikisa kichwa kidogo, kama aliyeulizwa yeye.
Akagonga muhuri mara mbili, wa kwanza haukushika wino.
"Rudi baada ya siku thelathini."
Risiti ni ndogo kama kipande cha sabuni.

Sijui kama watanisamehe.
Mama Nsimire anasema faili hupenda kupotea
likikosa mtu wa kulikumbuka.
Nimeiweka risiti chini ya godoro,
karibu zaidi na ile nyumba nyingine.

Jioni nilipika maharagwe ya njano.
Nilitia chumvi mapema, kabla hayajachemka,
hata mwanafunzi akaniuliza nina haraka ya nini.