Kwa Kinyozi, Masasi

Leo tena runinga ya kinyozi inamuua Somoe.
Sumu ndani ya uji, mkono kifuani, macho juu,
na kinyozi kasimama, mashine inanguruma hewani,
kichwa cha mteja nusu uwanja, nusu kichaka.

Najua kifo hicho kilikoanzia.
Kilianzia kwenye ghala la ushirika, mwaka ule
mikorosho ilipopukutisha maua kabla ya kuzaa.
Jukwaa: magunia matupu juu ya mbao.
Pazia: khanga nane, zimeungwa kwa uzi wa nyavu.
Na mimi nyuma yake, daftari mkononi,
kazi yangu kumnong'oneza maneno akiyasahau.

Hakuyasahau.
Miaka kumi na mmoja nililipwa kunyamaza.

Usiku mmoja siafu walimvamia akiwa maiti.
Niliwaona wakiandamana shingoni, wakiingia sikioni.
Hakupepesa. Watu walilia, karani wa mizani akalia,
na pazia lilipofungwa akaruka huku akiporomosha
matusi ya Kimakonde yasiyokuwemo daftarini.

Kisha likaja gari lenye kamera.
Walimtaka awe mama mkwe, mchawi, tajiri asiye na huruma.
Wakamlipa nauli, na soda mbili.
Akaenda Mtwara, akaenda Dar es Salaam,
akarudi na wigi, na watoto wanaomkimbia njiani.
Sokoni Mkuti mama mmoja alikataa kumuuzia mbaazi:
"Si wewe uliyemuua mke mwenzio?"
Somoe akashusha kikapu, akaomba radhi
kwa sauti ileile ya mchawi, machozi yakimchuruzika.
Aliondoka na mbaazi za bure, kibaba na nusu.
"Hii ndiyo tuzo, Ausi," aliniambia.
"Kama ipo nyingine, bado iko njiani."

Mteja anauliza, "Huyu mama bado yupo?"
Kinyozi ananitazama. Mimi natazama mkasi.

Yupo. Ana sabini na ushee.
Jana alisimama katikati ya ua wetu, mwiko mkononi,
jiko linafuka moshi, mchuzi unakauka,
akanigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona kwake,
macho ya kuomba mstari.

Nami, niliyeingoja zamu hiyo tangu ghalani,
nikainama, nikanong'ona:
"Chumvi. Ulikuwa unafuata chumvi."

Akaipokea bila kunitazama, kama inavyotakiwa,
akatoka kwa upande wa kushoto.