Mengineyo

Muheza, ukumbi wa halmashauri, saa nne asubuhi.
Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari.

Ankara tatu zimelazwa mezani:
Jiji, Muheza, Mkinga.
Klorini ileile, duka lilelile la Barabara ya Nne,
bei tatu.
Mhandisi Kiondo akacheka, kisha akaacha kucheka.
Tukakubaliana: tununue pamoja,
mtambo wa kuchimba visima uwe mmoja, uzunguke kwa zamu,
kinachookolewa kirudi kwenye chanzo.
Nikaandika: Imepitishwa.

Ikabaki ajenda ya mwisho.
Bi Mwanahamisi Sheluhwavi, aliyeshuka kutoka Kisiwani,
viatu bado vina tope la Zigi:
"Mita sitini nimeuachia mto.
Maharage yangu yalikuwa pale.
Huko mjini mnafungua bomba, mnakoga.
Katika akiba hiyo, mimi ni mstari wa ngapi?"

Diwani wa jiji akaitazama kalamu yake.
Feni ikazunguka.
Ukimya ule ungejaza ndoo.

Nilifundishwa: ukimya hauandikwi.
Nikaacha mistari miwili mitupu
chini ya jina lake.

Wenyeviti watatu wametia sahihi.
Hakuna aliyeuliza.